Mshumaa wa Tangi la Nne

Mwaka ule wa tisini na nane mvua ilikula reli kule Gulwe. Ilimeza tuta, ikameza mataruma, ikaacha vyuma vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na garimoshi lililotoka Kigoma likafika Dodoma, likakaa. Siku ya kwanza abiria walimtukana mkuu wa stesheni. Siku ya pili wakaanza kuuza mizigo yao. Siku ya tatu, Ijumaa, wenye ndugu mjini walikuwa wameshatawanyika, na pale sakafuni walibaki wale wasio na mtu.

Emilia alikuwa mmoja wao. Madumu yake mawili ya mawese alikuwa ameyauza kwa bei ya kutupa isiyofika nauli ya basi, na kitu pekee ambacho asingekiuza kilikuwa barua iliyokunjwa mara nne ndani ya sidiria. Ilitoka kwa wifi yake. Vita vilipoingia Kalemie mwaka uliotangulia, watu walikanyagana bandarini, na katika kukanyagana huko wifi alipanda boti na Furaha, mtoto wa Emilia, mgongoni. Emilia akabaki gatini ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Mwaka mzima hakujua kama wako hai. Kisha ikaja barua: tupo Dar es Salaam, tumehifadhiwa na kanisa, Furaha ametimiza miaka minne, mwisho wa mwezi wa tatu tunapelekwa Msumbiji, njoo kabla. Siku hiyo ya Ijumaa ilikuwa tarehe ishirini.

Ndipo akaja bwana mmoja mrefu, mwenye suti ya kaunda ya rangi ya udongo, akawa anawapitia wasichana wa pale stesheni kwa macho, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Aliitwa Elisante. Alitembea kifua mbele, kwa kuwa Dodoma ina watu wengi wenye kumbukumbu fupi. Mwaka wa sitini na tisa, akiwa kijana wa umoja wa vijana, bwana huyu alisimama kwenye mlango wa soko na rula ya mbao akipima sketi za wasichana. Iliyopanda juu ya goti ilichanwa papo hapo, na mashindano ya urembo aliyaita uchafu wa mabepari. Mwaka wa sabini na moja alipewa Landrova na kipaza sauti, akazunguka vijiji vya Wagogo akiwaambia wahame. Waliochelewa, alisimamia nyumba zao za tembe zikibomolewa huku akiwaahidi maji ya bomba, na wako ambao hadi leo wanayasubiri. Sasa upepo ulikuwa umegeuka na kila kitu kinauzwa. Kiwanda cha mvinyo cha umma kule Nzuguni kilikuwa kimepata mwenyewe kutoka nje, na Elisante ndiye aliyekuwa meneja utumishi wake, tena mwenyekiti wa kamati ya Mrembo wa Zabibu. Mkono uleule uliopima sketi kwa rula sasa ulipima viuno kwa tepu. Watu wa namna hiyo hawastaafu, hubadilisha kifaa tu.

"Dada, hebu simama," alimwambia Emilia. "Geuka."

Emilia alikuwa amezoea kuambiwa geuka na watu wenye bunduki, akageuka.

"Unatokea wapi?"

"Kalemie, baba. Ng'ambo ya ziwa."

"Una karatasi?"

Emilia akatazama chini.

"Sikuulizi kwa ubaya. Unakwenda wapi?"

"Dar es Salaam. Mwanangu yuko kule. Lazima nifike mbele ya mwisho wa mwezi."

Elisante akatabasamu, akachuchumaa ili wawe sawa. Kesho, alisema, kuna sherehe ya mavuno ya zabibu, na wasichana kumi watashindania taji. Mmoja wao kashikwa na homa, amerudi kwao. Ratiba imeshachapwa na mgeni rasmi ameshapelekewa majina. "Wewe una kimo chake, na rangi yake. Utapita jukwaani mara tatu, utatabasamu, utashuka. Jioni lori la kiwanda linapeleka mvinyo Dar. Lile linapita hata matope ya shingo. Utakaa mbele na dereva, kama bibi harusi."

"Na kama nikishinda?"

"Hutashinda," alisema Elisante. "Washindi tunao."

"Huyo mgonjwa jina lake nani?"

"Debora Ndahani. Kuanzia sasa ndiwe. Na usiongee sana. Kiswahili chako kinanuka ziwa."

*

Warembo walikuwa wamewekwa nyumba ya wageni kule Nkuhungu. Emilia alipoingia, wasichana tisa walikuwa wakisukana na kucheka. Walimwona, wakaacha kusukana, mmoja akaonyesha kitanda cha dirishani kwa kidevu. Kilikuwa kimetandikwa. Chini yake vilipangwa viatu vyeupe vya visigino virefu, vya mitumba lakini vimepigwa rangi vikang'aa.

Akavijaribu. Urefu ulimtosha, ila ndani palikuwa na mtu. Soli ilikuwa imebonyea kwa uzito wa mguu mwingine, na bonyeo la kidole cha pili lilikwenda mbele kuliko la kidole gumba. Kila alipokanyaga, mguu wake ulitafuta mahali pake ukakuta pamekaliwa. Chini ya mto akakuta kitambaa cha kichwa. Kilinuka zabibu zilizochacha, harufu tamu yenye uchungu kwa nyuma, na aliporudisha kitambaa harufu ilibaki vidoleni.

"Ana homa gani huyu mwenzenu?" aliuliza.

Aliyejibu alikuwa Tumsifu, namba tatu, mwanafunzi wa chuo, Mpare mwenye ulimi. "Homa ya Alhamisi," alisema, akaendelea kupaka kucha rangi.

Mchana wakampeleka mjini kwa Vasanti akapunguziwe gauni. Vasanti alikuwa mama wa Kihindu mwenye cherehani tatu na chumba kimoja. Ghorofa ya juu ilikuwa mali ya baba yake mpaka ilipotaifishwa, na hajawahi kuinua macho kuitazama tangu siku hiyo. Alimzungushia Emilia tepu, akaitoa, akaizungusha tena.

"Kiuno cha Debora ni ishirini na tano," alisema. "Hiki ni ishirini na nane. Hapa sipunguzi, nafumua. Na wewe umezaa."

"Mmoja, mama. Utawaambia?"

"Mimi fundi, binti. Naona migongo ya watu, sisemi." Akashika pindo. "Simama wima. Debora alikuwa hatulii hata dakika moja. Jumatano alinionyesha hapahapa atakavyomjibu mama yake."

"Atakavyomjibu nini?"

"Mama yake ndiye mwenye ngoma kubwa katika kikundi cha Mvumi, kile kitakachopiga kesho. Kwao, mama akitaka kumwita binti mbele za watu haiti jina, anapiga. Nyumba yao ina mpigo wake. Binti anajibu kwa kisigino, mara tatu, kisha kwa sauti. Aligonga sakafu hii mpaka mkasi ukaanguka."

Emilia akasema polepole, "Lakini si amerudi kwao kwa homa?"

Sindano ya Vasanti ikasimama. Nje, mvua ilianza tena juu ya mabati.

"Nani kakwambia amerudi kwao?"

Emilia akamtaja Elisante. Vasanti alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, na alipomkabidhi gauni alimshika kifundo cha mkono, akakishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kumkabidhi mtu gauni.

*

Jumamosi saa nane mchana uwanja wa kiwanda ulikuwa umejaa. Walipanga kufanya mapema kwa sababu umeme ulikuwa wa kubahatisha. Jukwaa lilikuwa masanduku ya zabibu yaliyofunikwa zulia jekundu. Upande wa kulia palikuwa na hema la wageni na meza ndefu, na juu ya meza, mchana kweupe, mishumaa myeupe ilikuwa inawaka, ishirini hivi, kwa kuwa mwenye kiwanda aliwahi kuona hivyo kwao.

Nyuma ya jukwaa Tumsifu alikuwa akimpaka Emilia poda. Alipaka nene, kama anayeziba ufa.

"Unajua kwa nini nakupaka mimi? Wengine wamekataa kukugusa."

"Nimewafanya nini?"

"Hujafanya kitu. Wewe ni nguo tu. Nani anaikasirikia nguo?" Akachovya sponji. "Usitikise kichwa. Nitasema mara moja. Debora alikuwa kibarua hapa. Kambini alilala na sisi, lakini asubuhi anakwenda zamu, maana Elisante alisema urembo si ruhusa. Kazi yake kuingia kwenye matangi kukwangua makapi. Zabibu zikichacha zinatoa hewa mbaya, inakaa chini, huioni wala huinusi. Zamani kulikuwa na feni, na kulikuwa na msimamizi mzee. Kabla mtu hajaingia, mzee anashusha mshumaa kwa kamba. Ukiwaka mpaka chini, ingia. Ukizimika, kaa nje hadi feni ifanye kazi. Basi. Ndiyo sheria yote ya kiwanda hiki tangu kijengwe."

"Na sasa?"

"Feni imeuzwa chuma chakavu. Mzee kapunguzwa kazi. Ikabaki mishumaa, boksi moja, na vibarua walikuwa wanashusha wenyewe. Alhamisi asubuhi mtu wa kamati akalibeba boksi lote." Kwa kidevu akaonyesha hema. "Debora akaambiwa tangi la nne limeshapoa, aingie, kwanza anachelewa mazoezi. Mimi ndiye niliyetumwa kumfuata. Nilifika wanamtoa."

Emilia alihisi viatu vinambana vidole, vyote viwili, kama vimeshikwa na mkono.

"Yuko wapi?"

"Chumba cha baridi. Kati ya zabibu." Tumsifu akafuta poda iliyomwagika begani. "Wewe leo unapita kwa jina lake, mji mzima unaona. Jioni unapanda lori kwa jina lake, mlinzi anaandika kitabuni. Kesho mama yake akija kuuliza, anaambiwa: mwanao alishuka jukwaani, akapata bwana, kapanda lori la Dar, si unawajua mabinti wa siku hizi. Halafu huyo wa chumbani anakuwa si mtu wa mtu."

"Na ninyi tisa mmenyamaza."

"Baba yangu ni mlinzi hapa. Namba tano, mama yake anafunga chupa. Kila mmoja wetu mkia umekanyagwa. Wewe ndiye huna mkia Dodoma, ndiyo maana nakwambia."

"Nina mkia Dar es Salaam," alisema Emilia.

Elisante alikuja nyuma ya pazia, amevaa tai, karatasi mkononi. Emilia akamwuliza, sauti yake ikiwa ya adabu: "Shikamoo baba. Yule mwenye homa anaendeleaje?"

Elisante alimtazama yeye, akamtazama Tumsifu, akakunja karatasi.

"Lori limejazwa mafuta," alisema. "Limegeuzwa uso getini. Na pembeni ya lori amekaa rafiki yangu wa uhamiaji, amekuja kula nyama choma. Ukishuka jukwaani utakwenda upande ule ule. Sasa sijui unataka kukaa karibu na lori au karibu na rafiki yangu." Akamnyoosha ukanda wa namba saba begani. "Furaha, nadhani ulisema jana. Jina zuri."

Emilia hakukumbuka kumtajia. Labda alimtajia. Njaa humfanya mtu aseme mengi.

*

Elisante alikuwa amehesabu kila kitu. Poda ilikuwa nene na wigi refu, Debora alikuwa mgeni hapo Nzuguni, na waliomjua walikuwa vibarua walioachwa nje ya uzio. Alisahau jambo moja. Kikundi cha ngoma alikiagiza kwa simu, akina mama kumi na wawili, na katika maisha yake yote hajawahi kuwauliza akina mama wa ngoma majina yao.

Walikaa mbele ya jukwaa, nguo nyeusi na shanga, ngoma zimebanwa mapajani. Wa katikati, mwembamba wa miaka hamsini, ndiye Evelina. Elisante alipokohoa kwenye kipaza sauti na kusema "Mabibi na mabwana," Evelina aliinua kichwa ghafla. Sauti ile aliijua. Iliwahi kupita nje ya tembe lake juu ya Landrova akiwa na ujauzito wa kwanza, na mimba ile haikufika mwisho wa safari. Debora alikuja baadaye, wa pekee aliyebaki.

Namba moja akapita, namba mbili, Tumsifu. Watu wakapiga miluzi, wazee wakatazama pembeni huku wanatazama. Namba sita akashuka.

"Namba saba. Debora Ndahani."

Emilia akatoka. Zulia lilikuwa laini na masanduku chini yake yalilia. Alipita kwanza mbele ya hema kama walivyofundishwa. Alipokuwa sambamba na mshumaa wa kwanza, ukazimika. Hapakuwa na upepo. Bendera zilikuwa zimelala kwenye milingoti. Akapiga hatua, ukazimika wa pili, moshi wake mwembamba ukashuka badala ya kupanda, ukatambaa mezani kati ya glasi. Ukazimika wa tatu. Mhudumu alikuja na kiberiti, akawasha, na mgeni rasmi akacheka kwa aibu, lakini Emilia alikuwa amesikia kitu kingine: hatua zake hazikuwa za viatu viwili. Nyuma ya kila hatua kulikuwa na nyingine, nyepesi, ya mtu anayechelewa mazoezi.

Akafika katikati, akageukia watu. Na ngoma ya Evelina ikaanza.

Ilianza chini, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, ikapanda, ikakatika mara mbili, ikasubiri. Akina mama kumi na mmoja wakaacha za kwao. Evelina alikuwa akitabasamu na kichwa kimeinama, kwa jinsi mama anavyojizuia asijivune mbele za watu.

Emilia aliona lori juu ya vichwa vya watu. Lilikuwa limegeuzwa uso getini kweli. Akaona kiatu kimoja cha mtoto. Na kabla moyo haujashauriwa, kisigino kikagonga: moja, mbili, tatu.

Uso wa Evelina ukafunguka. Hilo ndilo ambalo Emilia hakuja kujisamehe. Kwa muda wa pumzi moja alimrudishia mwanamke yule mtoto wake, kwa kisigino alichosimuliwa dukani.

Kisha Evelina akangoja sauti. Alingoja shingo imenyooka, mdomo wazi kidogo, kama anayesaidia kitoto kichanga kusema. Emilia hakuwa na sauti hiyo. Hakuna aliyemfundisha. Evelina akapiga tena, mpigo uleule, kwa nguvu zaidi. Akapiga mara ya tatu, na mara hii haukufika mwisho. Mkono ulibaki hewani.

Akasimama, ngoma ikidondoka pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayefikiri kwa Kigogo.

"Huyu si wangu."

Watu wakacheka. Elisante akacheka nao kwenye kipaza sauti. "Mnaona urembo jamani, hata mzazi anapotea. Mama, kaa, huyo ndiye mwanao, tumemsugua tu." Kicheko kikaongezeka. "Haya, tuendelee na swali. Debora, ukivishwa taji la Mrembo wa Zabibu, utaifanyia nini jamii yako?"

Akampa kipaza sauti, na mkono wake mwingine ukambana kiwiko. Alibana mahali penye mshipa.

Emilia alimtazama yule mama aliyesimama peke yake katikati ya kicheko, na akajua jinsi itakavyokuwa. Angefika Dar. Angembeba Furaha. Na kila ambapo Furaha angemwita, nyuma ya sauti ile pangekuwa na ngoma inabisha na hakuna anayeitika.

"Mama," alisema. "Mimi si Debora. Naitwa Emilia, natokea Kalemie."

Kipaza sauti kikakatwa. Akaendelea kwa koo lake, Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, na uwanja ulikuwa umenyamaza vya kutosha.

"Debora alikufa Alhamisi asubuhi katika tangi la nne. Yuko chumba cha baridi. Mshumaa ambao ungemwokoa ni ule pale, juu ya meza ya wakubwa. Nisamehe kisigino, mama. Nina mtoto Dar es Salaam."

Akavua viatu vyeupe, akaviacha jukwaani vimesimama, akashuka pekupeku.

Elisante alifoka kuhusu wagonjwa wa akili na wakimbizi. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu wanawake kumi na wawili walikuwa wameshanyanyuka na ngoma matumboni. Hawakukimbia. Walikwenda kwa hatua ya msibani, wakipiga mpigo mmoja mzito, na umati ukawafungulia njia. Nyuma yao akatoka Tumsifu na ukanda wake begani, na nyuma ya Tumsifu wale wanane, mmoja baada ya mwingine. Mlangoni mwa chumba cha baridi alisimama mlinzi, baba yake Tumsifu. Alimwona binti yake. Akatoa ufunguo bila kuombwa, akaufungua mlango, akavua kofia.

Ndani kulikuwa na ukungu na masanduku hadi darini. Kwenye kona, chini ya turubai la bluu, nyayo mbili zilikuwa zimejitokeza. Emilia hakuwa amewahi kuuona uso wa Debora, wala hakuhitaji. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko kidole gumba.

*

Lori liliondoka saa kumi na mbili kama lilivyopangwa. Mvinyo lazima ufike.

Emilia alichukuliwa na yule rafiki wa nyama choma kabla jasho halijamkauka. Elisante alikwenda likizo ya wiki mbili, akarudi akiwa na suti nyingine. Na Jumatano gazeti likaandika habari za sherehe, jinsi ilivyofana, na majina ya washindi kwa mpangilio kama majaji walivyoyapokea tangu Ijumaa. Debora Ndahani, miaka ishirini, alishika nafasi ya nne. Kiwanda kilikata kipande kile kikakiambatisha kwenye barua ya polisi: mtu aliyeshika nafasi ya nne Jumamosi hawezi kuwa amefia kazini Alhamisi. Walioandika barua hiyo walikuwa watu wazima, wenye shule. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikafunguliwa faili. Watu elfu mbili waliokuwa uwanjani hawakuitwa, na yeyote anayesoma hapa aliyekuwepo anajua kwamba naye hakuitwa.

Tumsifu aliacha chuo siku hizo. Jumatatu alipanda basi la kuzungukia Iringa kwenda Dar kumtafuta Furaha, akiwa na barua ya wifi aliyopenyezewa na Emilia na maelezo ya alama ya kovu gotini mwa Furaha. Alisema atapiga simu dukani kwa Vasanti akifika kanisani. Vasanti alisogeza cherehani karibu na simu.

Alhamisi wakampandisha Emilia kwenye garimoshi la kurudi magharibi, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kwani reli ya upande huo haikuwa na ubovu. Vasanti alikuja stesheni akatikisa kichwa tu kutoka mbali. Simu ilikuwa haijalia.

Evelina alikuja hadi dirishani. Alikuwa amenyoa nywele. Alimpitishia kifurushi cha gazeti, na ndani vilikuwa viatu vyeupe.

"Siwezi kuvaa hivi, mama."

"Nimpe nani? Nimezika mguu, kiatu kimebaki." Akashika nondo ya dirisha. "Kisigino ulifundishwa na nani?"

"Fundi wa nguo. Aliniambia mara tatu, halafu sauti. Sauti hakuijua."

Evelina akatazama huku na huku kama mwizi, kisha akasogeza mdomo na kuitoa: sauti fupi ya kooni, inayoanza kama kwikwi na kuishia juu, kama swali. Akamfanya airudie. Akatikisa kichwa, bado. Akamfanya airudie tena. Askari wa uhamiaji alikuwa ananunua karanga.

"Nikipiga nyumbani," alisema Evelina, "mpigo unaondoka haurudi. Unaning'inia juu ya paa usiku na mchana, sili, silali. Ujibiwe mara moja tu, utue."

Garimoshi likashtuka, likavuta. Evelina akaketi palepale kwenye changarawe, akabana ngoma mapajani, akapiga. Bisha, panda, katika, katika.

Emilia alikuwa ameshavivaa. Bonyeo la kidole lilikuwa bado mle, baridi, halijasogea hata kidogo kumpisha. Akasimama kati ya mabenchi, abiria wakimtazama, akagonga mara tatu. Kisha akaitoa sauti kupitia dirishani, na ilitoka safi zaidi kuliko alivyofundishwa. Kule nyuma aliiona ngoma inanyamaza na mwanamke anaiegemezea kichwa.

Akakaa. Magurudumu yakaanza kuhesabu mataruma kuelekea kusikotakiwa. Kesho yake ilikuwa tarehe ishirini na saba, zimebaki siku chache Furaha apelekwe Msumbiji, na mahali fulani pwani mtu alikuwa akimwita Furaha, na Furaha alikuwa akiitika, na Emilia hakujua anayemwita ni nani.